Kusanifu kwa kompyuta kitu kitakachotengenezwa na mashine: mwongozo kamili kwa anayeanzia Tanga

Mtu anayetaka kujifunza kusanifu vitu kwa kompyuta ili vitengenezwe na printa ya 3D, mashine ya leza au mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta hushauriwa mara nyingi aanze na kikombe, herufi za jina lake au mdoli. Ushauri huo naupinga. Vitu hivyo hupendeza kwenye skrini, lakini havimwambii mwanafunzi kama amepatia au amekosea, kwa sababu hakuna kitu kingine ambacho lazima vikiingie. Katika mji kama Tanga, ambako baiskeli bado ni chombo cha kazi cha kila siku, somo la kwanza lililo bora ni kipande kidogo kinachofungwa kwenye baiskeli, nami nimechagua kulabu ya kutundikia kapu chini ya usukani, kwa ajili ya mtu anayerudi nyumbani kutoka Soko la Mgandini na mzigo wake.

Kulabu hii inashika bomba ambalo tayari lina kipimo chake, inabeba uzito na inafungwa kwa bolti, na kwa hiyo kila uamuzi wa msanifu utapimwa na kitu halisi. Jambo moja nataka msomaji alishike tangu sasa, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinalitegemea: modeli ya kutengenezea kitu ni mkusanyiko wa maamuzi juu ya vipimo na juu ya uhusiano wa kipimo kimoja na kingine, na umbo linaloonekana kwenye skrini ni matokeo ya maamuzi hayo.

Vifaa na programu

Kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kwa kazi hii. Kipanya chenye gurudumu ni cha lazima, kwa sababu kuzungusha umbo kwa kidole kwenye kompyuta mpakato huchosha na humfanya mwanafunzi akate tamaa bure. Tafuta pia vernia (kifaa chenye taya mbili cha kupimia vipenyo na unene kwa usahihi), rula ya chuma, penseli na daftari la karatasi za mirabaraba.

Kuhusu programu, napendekeza FreeCAD bila kusita. Ni ya bure, haina leseni inayokwisha muda, na ukishaipakua mara moja inafanya kazi bila intaneti, jambo lenye uzito kwa mtu anayenunua bando. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024 na liliondoa sehemu kubwa ya usumbufu uliokuwa ukiwavunja moyo wanafunzi, hasa modeli kuharibika pale mchoro wa mwanzo ulipobadilishwa. Tinkercad ni rahisi zaidi kwa mtoto wa shule, lakini inatumika ndani ya kivinjari na inahitaji mtandao. Onshape na Fusion ni programu zenye uwezo mkubwa, ila zinahitaji akaunti na masharti yake ya matumizi ya bure hupangwa na wenye kampuni. Blender ni chombo kizuri cha kufinyanga maumbo huria kama maua ya mlango wa Kiswahili, lakini kwa kipande kinachotakiwa kuingia kwenye bomba kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita siyo mahali pa kuanzia.

Aliyesoma uchoraji wa kihandisi, kwa mfano pale Tanga Tech, shule ya sekondari ya ufundi, au katika chuo cha ufundi cha VETA, ataona kwamba kazi kubwa ameshaimaliza, kwa sababu kusoma umbo kutoka mbele, juu na ubavuni ndiyo lugha ya programu hizi zote. Asiyeusoma asiogope, atajifunza kwa kuchora kulabu hii kwa penseli kwanza.

Pima kabla ya kuwasha kompyuta

Nenda kwa fundi baiskeli, pale Ngamiani wako wengi, umwombe akuruhusu upime usukani. Bomba la usukani wa baiskeli nyingi lina kipenyo cha milimita 22.2 kwenye sehemu ya mikono, yaani inchi 7 kwa 8, lakini usiandike namba hiyo kabla ya kuithibitisha kwa baiskeli yako. Pima mahali patatu tofauti, na kila mahali zungusha vernia robo duara upime tena, kwa kuwa kutu, rangi iliyopakwa juu ya rangi na kuanguka kwa baiskeli huondoa uduara wa bomba.

Usipokuwa na vernia, kata utepe mwembamba wa karatasi, uzungushe kwenye bomba kwa kukaza, weka alama pale ncha mbili zinapokutana, kisha unyooshe utepe na upime kwa rula. Gawanya urefu huo kwa 3.1416. Bomba la milimita 22.2 litakupa utepe wa takriban milimita 69.7. Uzuri wa njia hii ni kwamba ukikosea milimita 1 nzima kwenye utepe, kosa kwenye kipenyo ni kama milimita 0.3 tu, na kwa kazi hii kosa la kiasi hicho linavumilika.

Ukiwa hapo, angalia mambo ambayo picha ya intaneti haitakuonyesha. Je, kulabu itaingiaje mahali pake? Baiskeli zenye breki za fito zina mikono ya breki iliyofungwa imara kwenye usukani, hivyo pete nzima haiwezi kupenyezwa kutoka ncha ya bomba bila kuvunja kazi ya fundi. Pete lazima igawanywe vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyokutanishwa kwa bolti mbili. Angalia pia kapu litaning'inia wapi, lisije likagusa gurudumu la mbele wala kuingia kwenye spoku baiskeli inapokata kona. Uamuzi wa namna hii hufanyika ukiwa umesimama mbele ya baiskeli, na mwanafunzi anayeuahirisha hulazimika kuichora upya modeli yote.

Chukua sasa kipande cha tyubu kuukuu, kwa sababu ndani ya pete tutaweka utepe wa mpira. Mpira huzuia kulabu isiteleze, hulinda rangi, na husamehe tofauti ndogo za kipenyo. Pima unene wake. Mara nyingi ni karibu milimita 1.

Andika vipimo kama majina

Fungua FreeCAD, anzisha faili jipya, na kabla ya kuchora mstari wowote tengeneza jedwali kwa kutumia benchi la kazi (yaani kundi la zana ndani ya programu) liitwalo Spreadsheet. Katika safu ya kwanza andika jina la kipimo, katika safu ya pili andika thamani, kisha bofya kisanduku cha thamani kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue sifa zake, na ukipe kisanduku hicho jina. Mimi ningeanza hivi:

kipenyo_bomba = 22.2 mm
unene_mpira = 1 mm
kipenyo_tundu = kipenyo_bomba + 2 * unene_mpira
unene_ukuta = 5 mm
mwanya = 3 mm
unene_sikio = 8 mm
upana = 20 mm
tundu_bolti = 5.5 mm
upana_nati = 8.3 mm
nusu_kipenyo_kulabu = 13 mm
unene_kulabu = 10 mm

Tazama mstari wa tatu. Kwenye jedwali fomula hiyo huanza na alama ya sawasawa, na kwa vipimo vyetu hutoa milimita 24.2. Hukuiandika namba 24.2 popote, umeandika sababu yake. Kesho jirani akija na baiskeli yenye bomba la milimita 25.4, utabadilisha kisanduku kimoja, na tundu, ukuta, masikio na kulabu vitajipanga upya. Hapa ndipo penye utajiri wa somo zima, na anayelielewa jambo hili mapema husonga mbele haraka kuliko anayekariri vitufe vingi.

Bolti tunazotumia ni za M5, yaani zenye kipenyo cha milimita 5, ambazo hupatikana katika duka lolote la vifaa. Nati ya M5 ina upana wa milimita 8 kutoka ubapa hadi ubapa, na tumeipa nyumba ya milimita 8.3 ili iingie kwa kusukumwa bila kuzunguka. Tundu la bolti tumelipa milimita 5.5 badala ya 5, kwa sababu matundu yanayotoka kwenye printa ya 3D kwa kawaida huwa madogo kidogo kuliko yalivyochorwa.

Chora umbo la ubavuni

Ingia kwenye benchi la Part Design, tengeneza mwili mmoja kwa ajili ya kipande cha chini, na uanzishe mchoro kwenye bapa la XZ, yaani lile la wima linalotazamwa kutoka mbele. Kitovu cha bomba kiwe sifuri, pale mihimili inapokutana. Chora nusu duara mbili za chini, ya ndani ikiwa na kipenyo_tundu na ya nje ikiwa kubwa zaidi kwa unene_ukuta kila upande. Usifikishe nusu duara hizo kwenye mhimili wa mlalo. Zikomeshe chini yake kwa nusu ya mwanya, yaani milimita 1.5, ili kipande cha juu kikifanya hivyo hivyo pabaki nafasi ya milimita 3 ya kukazia. Pasipo na nafasi hiyo, vipande vitagusana kabla ya kulishika bomba, na bolti utazikaza bila faida.

Kila upande ongeza sikio, yaani bapa linalochomoza kutoka kwenye pete, lenye unene wa milimita 8 litakalopitisha bolti. Kitovu cha bolti kikae milimita 24 kutoka kitovu cha bomba, na sikio liishie milimita 32. Nimechagua 24 kwa sababu washa ya M5 (kile kijipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha bolti) ina kipenyo cha milimita 10, na ikisogezwa karibu mno itapanda kwenye mviringo wa pete.

Kulabu yenyewe huanzia upande wa nyuma wa pete, ikashuka, ikajikunja mbele na kupanda tena kama milimita 15. Hakikisha sehemu yake ya chini kabisa, pale mpini wa kapu utakapotulia, iko wima chini ya kitovu cha bomba. Ikienda mbele au nyuma, uzito utakuwa unaizungusha pete kila unapopita kwenye shimo la barabara.

Sasa inakuja kazi ya masharti. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa katika chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu yake ya Sketchpad, ambamo mtumiaji aliweza kuiambia kompyuta kwamba mistari hii iwe sambamba au ile iwe na urefu sawa, na kompyuta ikatii kila mchoro ulipobadilika. Programu za usanifu wa uhandisi tunazotumia leo bado zinasimama juu ya wazo hilo. Kwa hiyo usiridhike kwamba mstari unaonekana umenyooka. Upe sharti la kuwa mlalo. Usiridhike kwamba tao linaonekana kugusa mstari vizuri. Lipe sharti la mguso. Baada ya hapo weka vipimo, na kila dirisha la kipimo linapofunguka, bofya alama ndogo ya fomula iliyo pembeni ya namba, kisha andika jina kutoka kwenye jedwali, kwa mfano Spreadsheet.kipenyo_tundu.

Mchoro ukikamilika masharti yake yote, mistari hubadilika rangi na kuwa ya kijani. Kabla ya hapo, shika nukta yoyote kwa kipanya na uivute: ile inayosogea ndiyo ambayo hujaiamulia kitu. Programu ikilalamika kwamba masharti yanapingana, ondoa lile uliloweka mwisho na ujiulize ni uhusiano gani umeusema mara mbili.

Lipe umbo mwili

Bonyeza Pad, zana inayolipa umbo bapa unene, na uweke upana wa milimita 20 kutoka kwenye jedwali. Umbo bapa sasa ni kitu kizima. Kwa matundu ya bolti, anzisha mchoro mpya juu ya uso wa sikio, chora duara katikati ya upana, kisha utumie Pocket kulitoboa hadi upande wa pili. Nyumba ya nati ni mchoro mwingine wa pembe sita upande wa chini wa sikio, wenye kina cha milimita 4. Sikio lina milimita 8, kwa hiyo zinabaki milimita 4 za plastiki za kubeba mkazo. Bolti yenye urefu wa milimita 20 inatosha: washa milimita 1, sikio la juu 8, mwanya 3, sikio la chini 8.

Kipande cha juu ni rahisi, kwa kuwa ni nusu pete na masikio mawili bila kulabu. Kitengenezee mwili wake ndani ya faili lilelile ili kitumie jedwali lilelile.

Mwisho kabisa viringisha kona. Pale kulabu inapoungana na pete weka mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 6, kwa kuwa ufa huanzia kwenye kona kali ya ndani. Mviringo huja mwisho kwa sababu ndicho kitu kinachovurugika kwanza pale mchoro wa chini unapobadilishwa.

Jaribu kwa karatasi

Kabla ya kulipia mashine, toa umbo la ubavuni kama PDF katika kipimo halisi, uongeze pembeni mstari wenye urefu wa milimita 100. Nenda stationari, mwambie anayechapa asiruhusu kompyuta ipunguze ukurasa, kisha upime mstari ule kwa rula. Ukiwa milimita 97, karatasi hiyo haifai na ichapwe upya. Ikiwa sahihi, ibandike kwenye boksi gumu, ikate kwa wembe, uipeleke kwenye baiskeli. Ishike kwenye bomba, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto, ning'iniza kamba pale kapu litakapokaa. Kwa gharama ya karatasi moja utajua kama sikio linagusa waya wa breki, na utarudi kwenye jedwali ukiwa na namba ya kubadilisha.

Kupeleka kwenye mashine

Kila mashine ina tabia yake, na modeli lazima iisikilize.

Printa ya 3D hujenga kitu kwa matabaka, mara nyingi ya milimita 0.2, kwa kuyeyusha waya wa plastiki na kuupitisha kwenye nozeli ya milimita 0.4. Matabaka hushikana kwa nguvu ndogo kuliko plastiki inavyoshikana ndani ya tabaka moja, na hiyo ndiyo sababu kulabu hii lazima ichapishwe ikiwa imelala kwa ubavu. Hapo uzito wa kapu utavuta kwa kufuata nyuzi za plastiki. Ukiichapisha ikiwa imesimama, uzito utakuwa ukitenganisha tabaka na tabaka, nayo itakatika hata kama umeijaza plastiki tele.

Toa faili la 3MF, au STL ikiwa mwenye printa hana namna nyingine. STL hubeba pembetatu tupu bila kipimo cha urefu, kwa hiyo mwambie mwenye mashine kwamba ni milimita. Akiifungua kama inchi, kitu kitakuwa kikubwa mara 25.4. Katika programu ya kukata matabaka, kama PrusaSlicer au Cura, weka kuta 4 na ujazo wa ndani wa asilimia 40. Kuta huongeza uimara kuliko ujazo.

Kati ya aina mbili za plastiki zinazotumika sana kwenye printa hizi, chagua PETG badala ya PLA. PLA huchapishika kwa urahisi, lakini huanza kulegea karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, na plastiki nyeusi iliyoachwa juani mchana wa Tanga ikiwa imebeba mzigo inaweza kupinda hata kabla ya kufika hapo. PETG hustahimili hadi karibu nyuzi 80, na huchapishwa kwa nozeli ya nyuzi 230 hadi 250. Unyevu wa pwani nao ni adui wa waya huu: ukinyonya maji hutoa sauti ya kupasukapasuka kwenye nozeli na kuacha uso wenye matundu. Uhifadhi ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Kwa kuwa umeme unaweza kukatika katikati ya kazi ya saa kadhaa, uliza kama printa ina betri ya akiba au uwezo wa kuendelea ilipoishia. Chapisha kwanza kipande chenye upana wa milimita 3 tu ujaribu kwenye bomba, ndipo uchapishe kizima.

Ukipata mashine ya leza, umbo lilelile la ubavuni linaweza kukatwa kwenye plaiwudi kwa kutumia faili la DXF, ambalo hubeba mistari ya mchoro bapa, vipande kadhaa vikagundishwa hadi vifikie upana unaotaka, na tundu la bolti likatobolewa kwa drili. Pima unene halisi wa plaiwudi, kwa sababu inayouzwa kama ya milimita 3 mara nyingi siyo 3 kamili. Miale ya leza huunguza upana wake yenyewe, takriban milimita 0.2, hivyo kila tundu huongezeka kipenyo kwa kiasi hicho. Kamwe usiingize PVC kwenye leza, kwa kuwa ikiungua hutoa gesi yenye klorini inayodhuru mapafu na kula mashine.

Kwa mashine ya kuchonga, kumbuka kwamba kisu chake ni duara: kisu cha milimita 6 hakiwezi kutengeneza kona ya ndani yenye nusu kipenyo chini ya milimita 3. Ukitumia mbao nzima, kama mninga, muulize seremala nyuzi za mbao zielekee wapi kabla ya kuipanga kwenye meza ya mashine, kwa sababu kulabu iliyochongwa pale nyuzi zinapokatisha shingo yake kwa ufupi itavunjika hapo hapo.

Kufunga na kupima uzito

Weka utepe wa tyubu, funga vipande viwili, kaza bolti zote mbili kwa zamu hadi pete isizunguke kwa mkono, ukihakikisha mwanya unabaki sawa pande zote. Usianze na kapu lenye mayai. Tundika ndoo yenye lita 5 za maji, ambazo ni kilo 5, baiskeli ikiwa imesimama, uiache usiku kucha, kwa maana plastiki hunyooka polepole chini ya mzigo hata pale ambapo haikuvunjika mara moja. Asubuhi pima kwa vernia uwazi wa kulabu, kutoka ncha hadi shina. Ikiwa umeongezeka zaidi ya milimita 1, au ukiona mstari mweupe kwenye kona ya ndani, fungua jedwali, ongeza unene_kulabu kwa milimita 2, hifadhi faili kwa jina jipya lenye tarehe, na uchapishe tena. Ikiwa haukubadilika, rudia kwa lita 10, na uzito uliopita salama uandike kwenye jedwali hilohilo, mstari wa mwisho, ili atakayepokea faili baada yako aujue.